UZI: Mashine ndogo na zana za shamba – matunzo, matengenezo, na chakavu kipi kinafaa kurudi kazini

Mpini_wa_Mpera

Wakuu, kila msimu wa kuandaa mashamba maswali ni yale yale. Mashine ya kufyekea inazima ikishapata moto, pampu inavuta kidogo kisha inakata, bomba linamwagia mtu dawa mgongoni, panga limenolewa alfajiri na saa nne limekuwa butu. Tuyaweke hapa kwenye uzi mmoja. Ombi langu: leteni vipimo, si simulizi. Na anayependekeza chakavu aseme pia mahali ambapo hakifai.

Naanza na mashine ya kufyekea ya begani, ile inayotumia petroli iliyochanganywa na oili. Mchanganyiko ndio unaoua nyingi. Soma kibandiko cha kwenye tangi. Kikisema 25:1, kila lita ya petroli inapewa ml 40 za oili ya 2T, ile ya injini za mipigo miwili. Kikisema 50:1, ni ml 20. Kwa dumu la lita 5 hiyo ni ml 200 au ml 100. Kipimo kipo duka la dawa za mifugo: sindano ya ml 20, toa ncha. Sindano moja kwa lita ni 50:1, mbili ni 25:1. Kifuniko cha chupa ya soda si kipimo, kila mtu anajaza kivyake.

Oili ikipungua, pistoni inakwaruza silinda mpaka injini inashika. Ikizidi, unapata moshi, plagi inalowa na kuwa nyeusi, na kaboni inaziba wavu wa ekzosi. Oili ya injini ya gari si mbadala hata ikiwa mpya, maana imeundwa izunguke ndani ya injini, haikuundwa iungue. Inaacha majivu yanayogandisha ringi.

Changanya kwenye dumu, usichanganyie kwenye tangi la mashine: petroli nusu, oili yote, tikisa, malizia petroli, tikisa tena. Usichanganye zaidi ya utakayotumia ndani ya mwezi. Msimu ukiisha mwaga tangi, kisha washa mashine mpaka izime yenyewe ili kabureta ibaki kavu. Petroli inayokaukia mle ndani inaacha ute kwenye vitundu, na kiwambo cha raba kinakakamaa.

Kwanja_Butu

Mkuu, hapo kwenye kuzima ndipo penyewe. Inawaka vizuri, dakika kumi hivi inapoteza nguvu, inazima. Ikipoa inawaka tena. Fundi kasema koili, ile inayozalisha cheche ya plagi.

Fundi_Tupa

@Kwanja_Butu usinunue koili kwanza. Kuna vipimo ambavyo havina gharama.

Inapoanza kuchoka, legeza kifuniko cha tangi. Ikipata nguvu palepale, tundu la hewa la kifuniko limeziba: tangi linajenga mvuto na petroli haishuki. Safisha hilo tundu, umemaliza.

Haikubadilika? Iache ipoe, fungua ekzosi, toa kile kiwavu kidogo cha mdomoni. Kikiwa cheusi kimeziba, kichome kwenye moto wa jiko la gesi hadi kaboni iwe majivu, piga brashi ya waya, rudisha. Usikitupe, ndicho kinachozuia cheche kuangukia nyasi kavu. Ukiwa hapo chungulia tundu la silinda, likiwa na gamba la kaboni liparue kwa kijiti cha mbao, pistoni ikiwa imefunika tundu ili uchafu usiingie ndani.

Kisha chujio la petroli, lile lililo kwenye ncha ya mpira ndani ya tangi. Livute nje kwa waya uliokunjwa ndoano. Kisha sponji ya hewa: osha kwa maji ya sabuni, kamua bila kuinyonga, kausha, tia matone ya oili, kamua tena.

Koili ni ya mwisho. Mashine ikizima ya moto, chomoa plagi hapohapo, igusishe kwenye chuma cha injini mbali na tundu la plagi, vuta kamba. Hakuna cheche ikiwa ya moto na ipo ikiwa baridi, basi fundi wako ana haki. Nafasi ya plagi ni milimita 0.6 hadi 0.7. Huna kipimo? Upamba wa msumeno wa chuma ulioisha meno una unene wa karibu milimita 0.65. Saga meno yaliyobaki, uweke kwenye mfuko wa spana.

JuaKali_254

Wadau, niongeze juu ya kichwa cha mashine, kwa sababu huko ndiko watu huvunja vitu.

Nati ya kisu imekatwa kinyume. Kuilegeza unazungusha kuelekea kulia, njia ambayo nati nyingine zote hukazwa. Mtu asiyejua huning'inia kwenye spana "akifungua" kumbe anakaza, mpaka boliti linakatika. Kichwa kina tundu dogo pembeni: zungusha kisu polepole hadi tundu la ndani lilingane, ingiza bisibisi jembamba, shafti itafungwa, ndipo ufungue.

Kwenye hicho kichwa kuna skrubu ya grisi. Kila saa 20 hadi 25 za kazi, ifungue na uweke grisi ya lithiamu, ml 5 hadi 10 tu. Ile sindano ya mifugo inafanya kazi hii pia, ila tenga ya grisi na ya oili. Ukishindilia hadi kujaa, joto litaipanua na itatafuta njia kupitia sili ya shafti. Kichwa kikiwa cha moto hata hakishikiki kwa mkono, grisi imeisha.

Kamba ya nailoni ya kukatia nyasi, ile inayofungwa badala ya kisu, ikikaa dukani juani inakuwa kavu na inakatika kila dakika tano. Iloweke kwenye maji usiku kucha kabla ya kuifunga. Nailoni hunywa maji na kurudi kuwa laini.

Na hili nasema kwa herufi kubwa: USIFUNGE WAYA WA KLACHI YA PIKIPIKI BADALA YA KAMBA. Nyuzi za chuma zinakatika na kuruka kwa kasi ambayo kioo cha uso hakizuii. Waya wa pikipiki ni mzuri kwa kufungia nguzo, kwa kutegea mlango wa banda, kwa mengi. Si kwa hili.

Kwanja_Butu

Ni kifuniko cha tangi. Asanteni sana.
Swali la nyongeza: kisu kinarusha mashine kulia ghafla kikigusa kisiki. Ni kawaida?

Fundi_Tupa

Kisu kinazunguka kinyume cha saa ukikitazama kutoka juu. Ukigusa kitu kigumu kwa upande wa mbele kulia, mashine inatupwa. Kata kwa upande wa kushoto wa kisu, ukipeleka mkono kutoka kulia kwenda kushoto, na nyasi zitalala upande uliokwisha kufyeka. Mtu mwingine asikaribie mita 15. Mawe hayachagui.

Mama_Parachichi

Habari za leo, kaka zangu. Pampu ya petroli ya inchi 2. Kijito kipo bondeni, pampu tumeiweka juu kwenye bustani, kama mita 7 wima, mpira wa kuvutia mita 25. Inavuta maji kidogo, inakohoa, inakata. Ni mpya. Niko Njombe.

Bondeni_Mpaka_Mlimani

Shikamoo mama. Pampu yako haina ugonjwa, imewekwa mahali pasipo pake. Nieleze kidogo maana hili linawatesa watu wengi wa nyanda za juu.

Pampu haivuti maji kwa nguvu zake. Inatoa hewa kwenye mpira, na uzito wa hewa ya nje ndio unaosukuma maji kupanda. Pwani uzito huo unaweza kupandisha maji mita 10 na kidogo, kinadharia. Kwa pampu halisi yenye mpira na maungio, tegemea 7. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kinadharia ni mita 8 hivi, na kwa vitendo usizidi 5. Injini nayo inapoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda, kwa hiyo huko uliko imeshapungukiwa asilimia 20 na ushee.

Kusukuma ni habari nyingine. Pampu nyingi za inchi 2 zimeandikwa mita 30 za kusukuma. Kwa hiyo ishushe bondeni, mita 1 au 2 juu ya maji, mpira wa kuvutia uwe mfupi iwezekanavyo, na urefu wote uwe upande wa kutolea. Zile lita 500 au 600 kwa dakika zilizoandikwa kwenye boksi ni pale maji yanapotoka bila kupandishwa popote. Ukipandisha mita 20 utapata kiasi kidogo zaidi, usishangae.

Mambo mengine ya kukagua ukishaishusha:

Mpira wa kuvutia lazima uwe ule mgumu wenye mzunguko wa plastiki ngumu au waya ndani. Ule bapa wa kutolea ukiuweka upande wa kuvuta unajibana wenyewe. Mpira upande mfululizo kutoka majini hadi pampu. Ukipita juu ya tuta na kushuka tena, hewa inakaa kwenye nundu na haitoki.

Jaza maji kwenye pampu kabla ya kuwasha, kila mara. Ikizunguka kavu hata kwa dakika chache, sili ya maji iliyo nyuma ya impela (gurudumu linalosukuma maji) inaungua, na baadaye utaona maji yanadondoka kati ya pampu na injini.

Ikivuta kisha ikakata, kuna hewa inaingia. Sabuni haitakuonyesha, kwa sababu hewa inaingia ndani, haitoki nje. Paka grisi nzito au udongo wa mfinyanzi laini kwenye ungio moja baada ya jingine pampu ikiwa inazunguka. Pale ambapo maji yanarudi kwa nguvu ukishapaka, ndipo penye tundu. Dawa yake ni tyubu ya baiskeli: kata utepe wa upana wa sentimita 3, uvute kwa nguvu na kuuzungusha mara sita au saba juu ya ungio, kila mzunguko ufunike nusu ya uliopita, kisha klipu juu yake. Kipande hichohicho kinatoa gasketi ya ungio la kuvutia ikiwa ile ya awali imepotea. Kwa wengi imepotea, ilidondoka siku ya kwanza walipofungua boksi.

Ukitaka kujua kosa ni la pampu au la mpira, toa mpira wa kuvutia, jaza maji pampu, washa, bandika kipande cha tyubu juu ya mdomo wa kuvutia. Kikinyonywa kwa nguvu na kubonyea, pampu ni nzima, tafuta kosa kwenye mpira.

Mama_Parachichi

Marahaba mwanangu. Tutaishusha. Chujio kule chini linajaa tope kila baada ya nusu saa, hilo nalo?

Bondeni_Mpaka_Mlimani

Lisiguse chini, mama. Chukua dumu tupu la lita 20 lililokuwa la mafuta ya kula, kaza kifuniko, lifunge juu ya mpira kwa kamba ili chujio lining'inie kama sentimita 40 chini ya uso wa maji. Likikaribia uso zaidi ya hapo maji yanajizungusha kama kimbunga na kuvuta hewa. Kama kijito ni chembamba na hakina kina, toboa ndoo ya plastiki matundu mengi ya milimita 5, izike nusu kwenye changarawe, tumbukiza chujio humo na mawe kuzunguka. Mchanga unakula impela kimyakimya.

Mpini_wa_Mpera

Nyongeza fupi kwa injini hizi za pampu zenye oili yake: nyingi za nguvu farasi 5.5 zinachukua oili lita 0.6, ya 10W-30. Ya kwanza imwagwe baada ya saa 20, baada ya hapo kila saa 100. Na kama haiwaki kabisa na plagi haina cheche, angalia kiwango cha oili na usawa wa ardhi kabla ya kumwita fundi. Nyingi zina kifaa kinachokata umeme oili ikipungua, na kwenye mteremko oili inakimbilia upande mmoja, kifaa kinadhani imeisha. Weka pampu pasawa. Koili ngapi zimeuzwa kwa sababu ya mteremko!

Mpulizaji

Tuje kwenye bomba la mgongoni la lita 16. Watu wanauliza "vifuniko vingapi kwa bomba?" Swali hilo halina jibu mpaka ujue wewe unatumia mabomba mangapi kwa ekari. Pima hivi: chora eneo la mita 10 kwa 10, weka maji matupu, pulizia kwa mwendo wako wa kawaida, pima maji yaliyopungua. Ukitumia lita 2, zidisha kwa 40, unapata lita 80 na kidogo kwa ekari, yaani mabomba matano. Kibandiko kikisema lita 1 na nusu ya dawa kwa ekari, kila bomba linapata ml 300. Jirani anayetembea polepole atatumia mabomba saba na kipimo chake kitakuwa ml 215 hivi. Wote wako sahihi.

Nozeli ya koni kwa dawa ya wadudu na ukungu, nozeli bapa kwa dawa ya magugu. Ikiziba, tumia mswaki wa zamani au bua la nyasi. Sindano au waya vinapanua tundu, na kupuliza kwa mdomo ni kunywa sumu. Nozeli inayotoa zaidi ya asilimia 10 kuliko mpya ya aina yake imekwisha, hata kama haijaziba.

Bomba la magugu liwe lake peke yake. Masalia ya 2,4-D, dawa ya magugu, kwenye mpira yanatosha kukunja majani ya nyanya na pamba.

Kwanja_Butu

Washa ya pistoni ya bomba, ule mviringo unaoziba, ikiisha, siwezi kukata nyingine kwenye ile tyubu ya baiskeli?

Mpulizaji

Kwa kumalizia siku, ndiyo. Dawa nyingi za maji zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukizichanganya zina kiyeyushi kinachovimbisha raba hiyo. Kesho yake washa imevimba na mkono wa bomba haushuki. Nunua washa halisi, ni bei ndogo. Kwa sababu hiyohiyo usikate gasketi ya kabureta wala ya bomba la petroli kutoka kwenye tyubu. Tyubu ni rafiki wa maji tu.

JuaKali_254

Na makopo ya dawa?

Mpulizaji

Hayo ndiyo chakavu yasiyorudi kazini. Yasuuze mara tatu, kila mara maji ya suuzo yaende kwenye bomba na kupuliziwa shambani, kisha yatoboe chini ili asiyejua asije akayachotea maji. Si ya kumwagilia mchicha, si ya kunyweshea kuku. Utayatambua kwa mkanda wa rangi chini ya kibandiko: nyekundu, njano, bluu au kijani. Hata la kijani ni la dawa. Tanzania msimamizi wa mambo haya ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Ofisi zao za kanda zinaelekeza pa kuyapeleka.

Fundi_Tupa

Sasa chuma. Springi ya gari, zile bapa, ndiyo malighafi bora ya panga, jembe na sululu. Mafundi wa Gerezani (Dar) na Kamukunji (Nairobi) wanaishi kwa hiyo. Kwa mtaimbo tafuta nusu ekseli. Nondo ya ujenzi haifai kwa makali, ni laini na haikamati ukali hata ukiichemsha vipi.

Springi inafuliwa ikiwa nyekundu. Ikipoteza wekundu, rudisha motoni, ukiendelea kupiga inapata ufa usioonekana. Ikianza kutoa cheche ndani ya moto, hapo imeungua, kata sehemu hiyo tupa. Ukimaliza umbo, pasha tena ukingo mpaka sumaku isikamate, ongeza joto kidogo, zamisha kwenye oili yenye uvuguvugu. Kwenye maji inapasuka. Hapo ni ngumu lakini inavunjika kama kigae, kwa hiyo safisha hadi ing'ae na uipashe taratibu kutoka upande wa nyuma ukitazama rangi ikitembea: manjano ya majani makavu, kahawia, zambarau, bluu. Panga lisimamishe kwenye kahawia inayoelekea zambarau. Sululu na jembe, bluu.

Kuchomelea springi kwa fimbo za kawaida bila kuipasha kwanza kunavunjika kando ya mchomeleo, si kwenye mchomeleo wenyewe. Ipashe digrii 200 hadi 300, tumia fimbo za aina ya 7018 zilizo kavu, izike kwenye majivu ipoe polepole.

Kunoa: tupa bapa ya inchi 8 au 10, inasukumwa mbele na kuinuliwa ikirudi. Ukiikokota kurudi unaua meno yake. Pembe ya panga ni digrii 20 hivi kila upande. Chukua karatasi yenye kona ya mraba, ikunje kona hiyo katikati mara moja, ni 45. Ikunje tena, ni 22. Iegemeze kando ya panga na ulinganishe tupa nayo. Jembe linanolewa upande mmoja tu, ule lililokuja nao. Mashine ya gurudumu inaharakisha, ila ukingo ukigeuka bluu umeshalainika. Chovya majini kila sekunde mbili tatu.

Mpini_wa_Mpera

Mpini: mpera au mkaratusi, ukauke kivulini miezi miwili mitatu, ncha zimepakwa rangi au nta zisipasuke. Mimi napaka oili chafu, unadumu.

Mpulizaji

Oili chafu kwenye mpini hapana, mkuu. Ina masalia ya mwako yanayosababisha saratani ya ngozi, na mkono unashika mpini siku nzima. Mafuta ya alizeti, safu nyembamba, juani, rudia mara tatu. Kidogo kidogo tu, ukipaka mengi yanabaki kunata. Hata kwenye nguzo za uzio sishauri, inashuka ardhini na mvua.

Mpini_wa_Mpera

Sawa kwa mpini. Kwenye nguzo bado sijakubali, mchwa wa huku hawana mzaha.

JuaKali_254

Mahali pa oili chafu ni bushi ya toroli, kile kipande ambamo ekseli inazunguka. Toroli ikianza kulia "kwii kwii", ekseli inakula chuma kwa chuma. Kata vipande viwili vya mbao ngumu iliyokauka, bila ufa. Ekseli ya milimita 20 inataka kipande chenye urefu usiopungua milimita 40 kando ya ekseli, na mbao ya milimita 20 kuzunguka tundu pande zote. Viweke kwenye kopo la oili, viwekee jiwe visielee, pasha nje ya nyumba kwa moto mdogo. Utaona mapovu: ni maji na hewa vinatoka. Oili ikianza kutoa moshi umezidisha. Mapovu yakikoma, zima moto na uviache humohumo mpaka vipoe kabisa, kwa sababu ni wakati wa kupoa ndipo mbao inapoivuta oili ndani. Ukivitoa vya moto umepoteza kazi. Kisha pitisha keekee tena kwenye tundu, mbao huwa imejikunja kidogo, na uvifunge kwa boliti mbili kila kimoja.